Kumaliza Matanga ya Bibi: Siku Nane, Dar es Salaam hadi Kamachumu

Ijumaa, 20 Desemba 2024. Dar es Salaam – Dodoma

Baba watoto ametusindikiza Kituo cha Magufuli, cha treni ya kisasa ya SGR, hadi pale mizigo inapokaguliwa. Akampakata kichanga, akanirudishia bila kusema neno. Kazini hawakumpa ruhusa. Tumeingia wanne: mimi, mwanangu wa kwanza wa miaka minane, mdogo wake wa miezi mitano mgongoni, na Baba Mdogo, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya wana wa kiume wa Bibi.

Bibi alifariki Julai. Nilikuwa na siku tisa tangu nijifungue kwa upasuaji, mshono haujakauka, nimekatazwa hata kuinua ndoo ya maji, sembuse kukaa kwenye basi usiku na mchana hadi kwetu Kamachumu, Kagera. Mazishi niliyaona kwenye simu: video ya dakika nne katika kundi la ukoo, mkono wa aliyerekodi unatetemeka, upepo umemeza sauti ya mchungaji. Mchango nilituma, jina likaandikwa daftarini. Ndugu wakaniambia, "Umeshatimiza wajibu wako, tulia ulee mtoto." Sikutulia. Bibi ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Alinifundisha kumenya ndizi bila kujipaka utomvu, akauza kahawa yake ili nisome. Nilikuwa sijamlilia.

Ukoo umepanga kumaliza matanga tarehe 24, maana Desemba ndipo Wahaya wengi tunarudi nyumbani. Ndiyo sababu ya safari hii, na kichanga naye aonwe na watu wake. Amepewa jina la Bibi.

Nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma ni shilingi 31,000, mtoto nusu. Treni ilipoondoka mwanangu alibandika paji la uso kwenye kioo na hakuliondoa hadi Morogoro. Aliyenigusa zaidi ni Baba Mdogo. Amefanya kazi reli tangu ujana wake hadi kustaafu, fundi wa mabehewa, kwenye ile njia ya zamani ya mita moja. Alikaa kimya muda mrefu, mkono umeshika ukuta wa behewa kama daktari anayesikiliza kifua.

"Hailii," akasema.

"Nini hailii, Baba?"

"Reli. Zamani vipande vilikuwa vinaungwa kwa bolti, kila maungio gurudumu linagonga. Hizi zimechomelewa. Enzi zetu ukitoka Dar jioni, Dodoma ni kesho asubuhi, na usiku kucha unausikia mlio ule." Akamgeukia mwanangu. "Babu yako nilikuwa nauwekea masikio. Behewa likiwa na tatizo, mlio unabadilika."

Tulipovuka Kilosa mwanangu akaanza kuhesabu mahandaki, akipiga kelele kila giza lilipoingia, na abiria wa jirani nao wakamsaidia kuhesabu. Saa nne hazijapita sana tukawa Dodoma, jua kali, vumbi jekundu.

Jioni hii gesti, watoto wamelala, Baba Mdogo amenijia na jambo ambalo alikuwa nalo tangu Dar. Amesema kutoka Mwanza hatutazunguka kwa barabara. Tutapanda meli.

Sikumjibu. Kwetu hakuna aliyepanda meli tangu 1996.

"Nina miaka sitini na saba, mwanangu," akasema. "Nimechoka kulikwepa ziwa."

Jumamosi, 21 Desemba. Dodoma – Mwanza

Basi limetoka Nanenane saa kumi na mbili asubuhi. Bahi, Manyoni, Singida. Manyoni Baba Mdogo amenunua asali lita tano ya kupeleka nyumbani. Singida dereva ametupa dakika ishirini tu, zikatosha kwa nyama ya kuku wa kienyeji na chipsi. Kisha mteremko wa Sekenke, na chini yake mbuga ya Wembere, tambarare mpaka macho yanachoka.

Kichanga alianza kulia Igunga. Nilimnyonyesha, nikambembeleza, nikasimama naye kwenye korido, wapi. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa kiti cha nyuma akaniambia, "Lete huku, wewe umechoka na yeye anakusikia umechoka." Akamlaza kifudifudi mapajani, akaanza kumpapasa mgongo taratibu kwa wimbo ambao sikuelewa hata neno moja. Kufika Nzega mtoto amelala, na mimi nimelala. Nimeamshwa Tinde. Yule mama alikuwa bado amemshika, mkono mwingine unamkinga jua kwa khanga yake mwenyewe. Ameshuka Shinyanga na sikumuuliza hata jina.

Kuanzia hapo akili yangu ilikuwa Mwanza. Niandike sasa, kwa sababu kesho sijui kama nitaweza.

Jumatatu tarehe 20 Mei 1996 jioni, mama yangu alipandia MV Bukoba bandari ya Kemondo. Alikuwa na mkungu wa ndizi na kuku wawili. Mdogo wake aliyeolewa Mwanza alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na dada hawezi kukaa tu nyumbani mdogo wake akiwa mzazi. Alikuwa arudi baada ya wiki. Mimi niliachwa kwa Bibi na nikalilia kwenda. Asubuhi ya Jumanne meli ikapinduka, Mwanza iko karibu kabisa. Ilijengwa kwa ajili ya abiria 430. Waliokuwamo siku ile walizidi idadi hiyo kwa mbali, na waliokufa ni mamia kwa mamia. Mama hakupatikana, au alipatikana na hakutambuliwa. Nimekua nikisikia watu wazima wakisema kwa sauti ya chini, "Angekaa nyumbani." Hayo ndiyo yaliyoniuma kuliko yote, kana kwamba kwenda kumwona mzazi lilikuwa kosa.

Mama Mdogo hakukanyaga tena Kamachumu. Miaka ishirini na minane. Simu alikuwa anapiga sikukuu na misiba, sauti yake fupi. Nami sikuwahi kwenda kwake. Sikumchukia, ila katika moyo wa kitoto nilikuwa na hesabu yangu: alizaliwa mtoto, akafa mama. Mtoto huyo sikutaka kumwona.

Tumefika stendi ya Nyegezi giza limeshaingia. Kijana mrefu alikuwa anatungoja, ameshika tochi ya simu. Akapokea begi la mtoto kabla hajanisalimu, kisha akasema, "Shikamoo dada."

Ndiye.

Jumapili, 22 Desemba. Mwanza

Watu wa mjini wameanza kusema "binamu" hata kwa mtoto wa mama mdogo. Kwetu huyo ni mdogo wako, basi. Nimekaa na mdogo wangu asubuhi nzima, nikimwangalia anavyomchezea mwanangu, na nimeona kwamba anacheka kama mimi: bega moja linapanda. Sikujua kwamba kucheka kwangu kumetoka upande wa mama.

Anafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Ana miaka ishirini na minane, hajaoa, anamtunza mama yake.

Mama Mdogo anakaa Igoma. Amehamia huko mwaka 1998, na nyumbani hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini alitoka mjini karibu na kazi yake akaenda kujenga huko. Leo nimeelewa. Igoma ndiko walikozikwa waliokufa na MV Bukoba ambao hawakuchukuliwa na ndugu zao. Baada ya kanisa ametupeleka, mimi na Baba Mdogo, kwa miguu, njia anayoijua hata akifumba macho. Kuna mnara na kuna makaburi. Hakuna lenye jina tunalolitafuta.

"Nilichagua moja," akasema Mama Mdogo. "Sijui kama ni lake. Mwaka ule wa kwanza nilisema siwezi kuyalilia yote, nikachagua moja."

Ni kaburi la kawaida, limepaliwa vizuri kuliko jirani zake. Tumekaa hapo. Baba Mdogo akaondoka kidogo, akatuacha wawili.

Hapo ndipo aliponisimulia. Siku ile ya Jumanne alikuwa na siku kumi na nne za uzazi. Habari ilipofika alimfunga mtoto kifuani, akaenda bandarini. Wakamwambia mzazi hatakiwi kupigwa na upepo, arudi ndani. Hakurudi. Watu walikuwa wanasema chombo kinaelea kifudifudi na kuna watu hai ndani wanagonga bati. Baadaye likatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, likazama kabisa. Wazamiaji wakaja hadi kutoka Afrika Kusini. Yeye alikaa siku tano akinyonyesha ukutani.

"Nilikuwa namnyonyesha huyu na kusema, ungechelewa kuzaliwa wiki moja tu," akasema. "Mtoto wa siku kumi na nne. Mungu anisamehe."

Nilitamani kumwambia kwamba nami nilisema hivyohivyo, nikiwa mtoto na hata nilipokuwa mtu mzima. Nikamwambia. Tulilia pamoja pale, na kichanga katikati yetu ananyonya kidole chake.

Nimemwomba aje nasi Kamachumu. Amekataa, meli hawezi, na barabara nayo ikiishia kwenye uso wa Shangazi hawezi. Lakini mchana mzima amekuwa jikoni, na saa kumi jioni akamkabidhi mwanawe kapu: sato waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye magazeti, na dagaa kilo tano. "Nenda na dada yako," akamwambia. "Mimi siwezi. Wewe nenda."

*Usiku, melini*

MV Victoria hii ndiyo iliyotengenezwa upya na kurudi kazini mwaka 2020, jina lake likaongezewa "Hapa Kazi Tu". Imeundwa mapema miaka ya 1960 na inabeba abiria 1,200. Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kutafuta jaketi okozi, nikahesabu manne na kuyaweka chini ya kitanda. Mdogo wangu hakunicheka. Akaongeza la tano kutoka korido.

Bandari ilipoanza kusogea nyuma, taa za Mwanza juu ya mawe zikawa kama kibiriti kilichomwagika, Baba Mdogo akavaa koti akasema twende nje. Tumesimama kwenye ukingo. Aliwahi kusimama siku kadhaa Mwanza mwaka ule, akipita kwenye mistari ya maiti kumtafuta mke wa kaka yake, na hajawahi kutusimulia hata mara moja. Usiku huu pia hakusimulia. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Shemeji," akaliambia ziwa, kwa sauti ya mtu anayepiga hodi, "ni sisi. Tunapita na wajukuu zako."

Tukarudi ndani. Mdogo wangu alinishikia mtoto ili nipumzike, na wakati najifanya nimelala nilimsikia akimwambia Baba Mdogo kwamba hajawahi kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Mwezi wa tano nyumbani kwao redio hazifunguliwi.

Jumatatu, 23 Desemba. Kemondo – Kamachumu

Nimelala! Ndani ya meli, juu ya ziwa lile, nimelala kama mawe na kuamka mbu wa alfajiri wakizunguka taa. Tumeshukia Kemondo, ukungu umelala juu ya maji. Pale gatini wanawake walishaanza kuuza kahawa ya kutafuna na vitumbua. Nilisimama kidogo nikiangalia sakafu ya gati. Ni hapa alipopandia. Gati limekarabatiwa, sijui kama kuna hata jiwe moja alilolikanyaga.

Tumekodi Noah: barabara ya Muleba hadi Muhutwe, kisha kukwea mlima kwenda Kamachumu. Kila kona hewa inapoa, na mwanangu wa Dar akaomba sweta kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Desturi iko hivi: asiyekuwepo kwenye mazishi, siku akifika hupokelewa kwa kilio, hata kama mwaka umepita. Nilifikiri miezi mitano imekausha macho ya watu. Gari liliposimama nje ya kibanja, shamba letu la migomba linalozunguka nyumba, Shangazi akatoka jikoni, akaona ni mimi, akashika kichwa kwa mikono miwili. Sauti aliyoitoa iliwatoa majirani majumbani mwao. Nimelia kutoka njiani hadi kaburini, nimeshikwa huku na huku, na hawakunibembeleza, waliniacha nimalize. Kaburi liko kati ya mibuni na jiko, karibu na la baba yangu. Nilipokwisha kulia Shangazi akamchukua kichanga, akamwonyesha kaburi, akasema, "Mwenye jina, huyu hapa." Kisha akaniletea maji ya kunawa uso na kahawa ya kutafuna, na maisha yakaendelea kwa haraka ya ajabu: nani anakwenda kuleta kuni, nani ana ufunguo wa stoo, mbona sukari ni kilo nane tu na daftari linasema kumi.

Mdogo wangu amesimama na kapu lake mlangoni mwa uwanja muda wote huo. Baba Mdogo akamtambulisha kwa maneno mafupi. Shangazi akamwangalia. Akamwonyesha pa kulala, chumba cha vijana. Kapu hakulipokea.

Jumanne, 24 Desemba. Siku ya matanga

Tangu alfajiri wanaume wapo kwenye lubisi, pombe ya ndizi, na wanawake kwenye ndizi za kupika. Nimemenya hadi vidole vimekuwa vyeusi. Utomvu umenishinda safari hii. Sufuria tano, mbuzi wawili, maharage, na majani mabichi ya mgomba ya kufunikia. Mchungaji amefanya ibada kaburini, msalaba ukawekwa, jina na tarehe zikasomeka vizuri. Baba Mdogo alipaka rangi herufi kwa mkono wake mwenyewe asubuhi kabla watu hawajaamka.

Baada ya kula likaja jambo la madeni. Mzee wa ukoo akasimama na fimbo: "Waitu, anayemdai marehemu aseme leo. Na anayedaiwa na marehemu aseme, asingoje kuja kutajwa."

Watu wanalichukulia jambo hili kwa uzito, na mimi nalipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya matanga, kwa sababu hapo ndipo unamwona marehemu mzima. Hotuba zinamfanya malaika. Madeni yanamrudisha mtu tuliyemjua.

Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa wa kwanza. Bibi aliazima sufuria kubwa kwake kwa harusi ya mjukuu, ikaungua chini, akaahidi kuilipa. Shangazi akainuka bila kujibu, akaingia ndani, akarudi na sufuria mpya, karatasi ya dukani bado imeishikilia. Bibi alishainunua. Iliwekwa chini ya kitanda, na alimwambia Shangazi ni ya nani, ila miguu haikumruhusu tena kuvuka barabara. Yule mama aliipokea, akakaa chini nayo, akalia upya kuliko siku ya kuzikwa.

Mzee mmoja akasema anadaiwa debe mbili za kahawa kavu, atazileta msimu ujao. Kijana wa bodaboda akasema Bibi alimkopesha shilingi 60,000 za leseni na alikuwa anampeleka kanisani bure kama riba. Sasa atalipaje riba? Baba Mdogo akamwambia ampeleke Shangazi. Watu wakacheka, na Shangazi mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Hapo ndipo mdogo wangu alipoinuka na kapu.

Alisema, "Mimi ni mtoto wa Mwanza. Mama yangu alitumiwa mzigo mwaka 1996, haukufika, na aliyeuleta hakufika. Mama anasema anadaiwa. Hajui anadaiwa nini wala alipe vipi, ndiyo maana hajawahi kuja. Amenipa hiki." Akaweka kapu chini, katikati ya uwanja.

Kimya kilikuwa kirefu mno. Nilisikia majani ya migomba. Mzee wa ukoo aliangalia fimbo yake. Nilitaka kusimama niseme lolote, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa marehemu yule, na miguu haikuinuka.

Shangazi akasimama. Akaenda pale katikati, akainama, akalifunua kapu, akanusa. "Sato," akasema. "Hawa hawapikwi na chumvi nyingi." Akalibeba kapu kichwani mwenyewe, akaingia nalo jikoni.

Kuhusu kugawa nitaandika kwa kifupi. Nyumba na sehemu kubwa ya kibanja ni ya Baba Mdogo, Shangazi ana upande wa chini wenye mibuni. Kisha karatasi ya Bibi ikasema migomba iliyo nyuma ya jiko, safu zote saba, ni yangu. Mzee mmoja akaguna: mimi ni binti, nimeolewa, ardhi ya ukoo itakwenda wapi? Shangazi alimjibu akiwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Alimkumbusha Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake, akashitakiwa na jamaa yake, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba haki yake ni sawa na ya mwanaume. "Na mama yetu aliijua habari hiyo," akamaliza, "ndiyo maana aliandika." Mzee akanyamaza, na jioni alikuja kuniaga kwa heshima.

Usiku tumekula sato.

Jumatano, 25 Desemba. Krismasi

Kanisa, nguo mpya, jua zuri. Usiku wa kuamkia leo senene walianguka, na watoto wote wa ukoo walikuwa nje na ndoo chini ya taa ya duka. Mwanangu amewakamata wengi, akaogopa kuwang'oa mbawa, kisha akawaona wenzake wanavyofanya akakaa nao hadi saa sita mchana, vidole vinanuka senene. Wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu. Amekula sahani mbili. Nimempigia baba yake simu ya video asikie wanavyokatika menoni.

Wapo walionuna kwamba tunacheka mapema baada ya matanga. Mimi nimeona Bibi alivyokuwa anagawa senene, sahani ya kwanza kwa mgeni; sahani ya kwanza leo Shangazi amempa mdogo wangu.

Alhamisi, 26 Desemba

Siku ya kazi. Baba Mdogo amenipitisha kwenye safu zangu. Mnyauko wa migomba, ule ulioingia wilaya ya Muleba mwaka 2006, ulikwishapita hapa. Pembeni kuna mashimo ya migomba iliyong'olewa. Amenifundisha kukata ua dume kwa panda ya mti badala ya kisu, maana kisu kinabeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Tumefanya safu nne, kichanga amelala kivulini kwenye jani. Kwa mguu wangu nimepima urefu wa shamba langu: hatua hamsini na moja.

Nitakaa hadi Januari. Mdogo wangu anarudi kesho, dagaa hawangoji.

Jioni Shangazi akaja nyuma ya jiko na panga. Hakuniuliza kama anaweza, aliniuliza upi. Nikamwonyesha mkungu wa safu ya tatu, mnene, vichane vimebanana. Akaukata, nikaudaka begani, na tukauviringishia majani makavu ili usichubuke njiani.

Ijumaa, 27 Desemba. Kemondo

Tumeteremka na Noah ileile, mkungu umekaa kiti cha nyuma kama abiria. Shangazi amekuja pia, jambo ambalo sikulitarajia. Tangu 1996 hajafika bandari hii.

Gatini watu walikuwa wanasukumana na mizigo ya sikukuu, mikungu imepangwa kwa mamia, yote inafanana. Mchukuzi akauliza huu wa nani. Mdogo wangu akatoa kisu kidogo mfukoni, akapiga magoti, akaanza kuchonga jina la mama yake kwenye shina la mkungu, herufi moja moja, utomvu ukimtiririka kwenye vidole. Shangazi alisimama nyuma yake akimkinga jua kwa khanga.

"Mwambie mama yako," akasema, "huu ndio ule. Umechelewa njiani."

"Nitamwambia, Shangazi."

"Na kuku wawili wapo. Hao aje kuwachukua mwenyewe."

Mchukuzi akaubeba. Nilisimama pale na kichanga mgongoni nikiuangalia mkungu ukipanda ngazi, jina limetazama juu, jeupe bado, mpaka ukapita mlangoni.